Je, mpenzi wa hadithi za majoka ni "giki"?

Swali: "Nina miaka 31, ni mhasibu, na natarajia kuolewa mwaka ujao. Tangu nikiwa sekondari napenda riwaya za fantasia: falme ambazo hazipo, majoka, panga zenye majina yake, wachawi wanaosafiri, miti inayozungumza. Kuna msururu mmoja wa juzuu saba nimeusoma mara nne. Nina daftari nililochorea ramani ya nchi yangu mwenyewe, ina milima, bandari, na mto mkubwa unaoshuka mlimani ukagawanyika mara tatu kabla ya kufika baharini. Hakuna mtu aliyewahi kuiona. Mwezi uliopita wifi yangu mtarajiwa alivikuta vitabu vyangu akacheka: 'Kumbe bi harusi wetu ni giki!' Mchumba wangu naye akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini usiku ule nilivitia vitabu vyote kwenye masanduku nikayasukuma chini ya kitanda. Je, ni kweli kupenda hadithi hizi ni ugiki? Mtu mzima akizipenda hivi, kuna kitu hakijakaa sawa kichwani? Niache?"

Mdogo wangu, asante kwa barua. Umeuliza maswali matatu, ila sentensi iliyonisimamisha haina hata alama ya kuuliza: ile ya masanduku chini ya kitanda. Nitairudia. Kwanza nikujibu ulichouliza, tena kwa ufupi, maana najua mtu mwenye wasiwasi huruka mistari akitafuta hukumu. Kupenda hadithi za fantasia siku hizi si ugiki. Kuchora ramani ya nchi isiyokuwepo, ikiwa na bandari zake, hapo ndipo ugiki ulipo, na wewe unao. Kichwa chako ni kizima. Usiache.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu limehamahama sana, hata watu wawili wanaweza kulitumia kwenye meza moja kila mmoja akiwa na maana yake. Limetoka kwenye neno la Kiingereza "geek", na huko zamani lilimaanisha mjinga, mtu wa kuchekwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, nchini Marekani, lilikuwa jina la mtu wa maonyesho ya kuzunguka ambaye kazi yake ilikuwa kumng'ata kuku hai mpaka kichwa kikatoka, watu wakalipa kiingilio kumtazama. Hiyo ndiyo nasaba ya jina ulilopewa na wifi yako. Miongo kadhaa baadaye likahamia kwa vijana waliozama kwenye kompyuta na hesabu, wale wanaojua mno kuhusu jambo moja na kidogo mno kuhusu mavazi. Leo wapo wanaolivaa kwa majivuno, wapo wanaolirusha kama jiwe, na wengi, nadhani wifi yako akiwemo, hulisema kwa utani wa nyumbani. Kiswahili hakina neno linalokaa barabara mahali hapo. "Kipanga" ni mwanafunzi mwenye akili kali, na neno hilo hubeba sifa tupu. "Mlevi wa vitabu" linakaribia, ila halina ile harufu ya mtu wa pembeni. Ndiyo maana tumelikopa jinsi lilivyo, sifa na kejeli zikiwa kwenye gunia moja.

Sasa hadithi za majoka ziliingiaje kwenye gunia hilo? Si kwa kosa la majoka. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji hujitwalia mhusika, shujaa au mchawi au mwizi, na kinachompata huamuliwa kwa kurusha dadu. Mchezo ule ulikuja na vitabu vya kanuni, majedwali na hesabu za kujumlisha. Waliokuwa na subira ya majedwali mara nyingi walikuwa vijana walewale waliokesha kwenye vyumba vya kompyuta vya vyuo vikuu. Mmoja wa wachezaji wake, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Will Crowther, ambaye pia alipenda kutambaa kwenye mapango, aliandika katikati ya miaka hiyo ya 1970 mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja: unaandika maneno, kompyuta inakueleza chumba cha pango ulichoingia. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akauongezea mambo ya fantasia. Kwa hiyo, kwa muda mrefu, aliyejua majina ya majoka na aliyejua kuandika programu walikuwa mara nyingi mtu mmoja. Fantasia ilipata sifa ya ugiki kwa ujirani.

Ujirani huo umekwisha kuvunjika. Mwaka 2004 filamu ya tatu ya msururu wa fantasia The Lord of the Rings iliteuliwa kuwania tuzo 11 za Oscar ikazichukua zote 11, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka. Kati ya 2011 na 2019 tamthilia ya televisheni Game of Thrones iliwafanya watu wasiowahi kufungua riwaya wabishane Jumatatu asubuhi, wakiwa na tai shingoni, kuhusu nani anastahili kiti cha enzi. Huwezi kumwita mtu wa pembeni aliyesimama katikati ya umati mkubwa namna ile. Kama kipimo ni kupenda tu, basi karibu kila ukumbi wa sinema umejaa magiki, na neno halina kazi tena.

Neno limebaki na kazi mahali pengine: kwenye namna mtu anavyopenda. Nikupe mfano wa mtu ninayemfahamu vizuri, yaani mimi. Siku moja tulikuwa mezani na wageni, mmoja akasema alilipenda sana joka la filamu fulani. Nikamwambia, kwa upole nilidhani, kwamba yule hakuwa joka hasa. Katika alama za ngao za Waingereza joka ni mwenye miguu minne na mabawa juu yake. Mwenye miguu miwili ana jina lake jingine. Nikachukua uma na kisu kumwonyesha miguu inavyokaa. Aliendelea kutabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye simu iliyolala kando ya sahani. Mke wangu akanigusa mguu chini ya meza. Mgeni yule alipenda fantasia, mimi napenda fantasia, ila giki alikuwa mmoja tu, yule mwenye uma mkononi.

Wewe una daftari, mimi nina uma. Ni tabia ya watu ambao wakipenda kitu wanataka kujua kinavyosimama: kanuni zake, nasaba zake, umbali wa kutoka mji huu hadi ule kwa siku za farasi. Tena sishangai hata kidogo kwamba anayechora ramani hiyo ni mhasibu. Vitabu vya hesabu navyo ni dunia yenye sheria zake, debiti na krediti lazima zilingane hata kama hakuna anayekutazama. Mtu akivutwa na dunia zinazolingana ofisini, haachi mvuto huo mlangoni akitoka.

Lakini kama neno ni jepesi hivyo, kwa nini lilikuchoma? Hapa kuna jambo ambalo wanasaikolojia tunalijua kwa ushahidi mzuri. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya na wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Katika jaribio moja wavulana walionyeshwa picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha wakaambiwa wamegawanywa makundi mawili kwa kufuata mchoraji waliyempenda. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu. Hawakukutana kama kundi, hawakujua nani yuko wapi. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kuwagawia wengine vijisenti, waliwapendelea wa kundi lao. Picha mbili tu, tena uongo, zilitosha kuzaa "sisi" na "wao".

Wewe unaingia kwenye familia mpya. Mwaka huu kila jicho la upande ule unalisoma kama mtihani: nimepokelewa, sijapokelewa? Kisha wifi anatazama rafu, sekunde moja, anakupa jina la kundi ambalo yeye hayumo. Alilosema yeye pengine ni "kumbe una mambo mengine, hatukujua." Ulichosikia wewe ni "kumbe si mwenzetu." Sentensi yake ya kwanza, kwa njia, ilikuwa na maneno "bi harusi wetu". Ulinukuu mwenyewe. Neno "wetu" ulilirukia ukatua kwenye "giki".

Kuna na la lugha, ambalo wapenzi wengi wa hadithi hizi hujikwaa nalo bila kujua. Umeandika "wachawi wanaosafiri". Mimi na wewe tunamwona mzee mwenye fimbo, ndevu zimefika kifuani. Msikilizaji wa kawaida wa Kiswahili hamwoni huyo. Mchawi kwetu ni mtu anayeroga, anayedhuru, hana utani ndani yake. Ukimwambia mama mkwe kwamba unasoma kitabu cha wachawi cha kurasa mia nane, usishangae akinyamaza. Unaloliona ni dharau huenda ni hofu. Mwambie hadithi badala ya aina ya hadithi. "Kuna msichana karithi ufalme asioutaka, na watu waliomlea ndio wanaomwinda." Hapo atavuta kiti, atauliza waliomlea wanamwinda kwa nini.

Kuhusu "mambo ya watoto": sijui imani hii ilianzia wapi, ila haina miguu. Ngano za "hapo zamani za kale" zilisimuliwa na watu wazima, wakiwepo watu wazima wengine, na Sungura alipomdanganya Fisi hakuna aliyeinuka kuuliza tangu lini wanyama wanasema. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951 aliiweka nchi nzima angani, akampandisha kizimbani mhusika wake Karama kwa kosa la kufundisha sheria. Kitabu hicho kimetahiniwa, kimechambuliwa, kimeandikiwa tasnifu. Sijapata kusikia mtu akiambiwa aache kukisoma kwa sababu nchi haziwezi kuelea. Kuna mambo ya ardhini ambayo husemeka vizuri zaidi yakipelekwa juu, hasa pale wenye nchi wanaposikiliza.

Sasa swali lako la kichwa kukaa sawa. Kinachotokea unaposoma kina jina katika taaluma yetu. Tuseme ni kuzama. Mwaka 2000 Melanie Green na Timothy Brock walitoa kipimo chake: ni kiasi gani umakini wako, hisia zako na picha za akilini zimeingia zote ndani ya hadithi, mpaka chumba ulichomo kinafifia. Aliyezama hasikii anapoitwa mara ya kwanza. Anaweza kulia kwa kifo cha mtu ambaye hakuzaliwa. Lakini angalia asichofanya: hapigi simu polisi. Akili inashika daftari mbili kwa wakati mmoja, moja ya hadithi na moja ya dunia, na haichanganyi. Hata mtoto wa miaka minne anayekupa chai kwenye kikombe kitupu atakushangaa ukijaribu kukitafuna. Kuzama ni uwezo, baadhi yetu tunao mwingi zaidi, na hauna uhusiano wa lazima na kupotewa na dunia. Kurudia msururu mmoja mara nne nako kunaeleweka: unajua mwisho, kwa hiyo mwili unatulia, na jicho linapata nafasi ya kuona vitu ulivyovipita ukikimbilia kujua nani atakufa.

"Lakini si unakimbia maisha?" Utaulizwa, kama hujaulizwa. J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alilijibu hili katika mhadhara alioutoa Scotland mwaka 1939: alisema watu wanamchanganya mfungwa anayetoroka gerezani na askari anayetoroka vita. Hoja nzuri, na mimi naikubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba kuna siku sisi ni askari kweli. Njia ya kujua ni kutazama unafanya nini ukishafunga kitabu. Ukirudi kwenye jambo lililokulemea ukiwa umepumzika, umefanya vyema. Ukifungua kingine haraka ili usilione, hapo lipo la kuzungumza.

Na tafadhali usijitetee kwa hoja kwamba vitabu hivi vinaongeza huruma au akili. Ni hoja tamu, inasambaa sana, lakini ushahidi wake unayumba. Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walichapisha utafiti kwenye jarida la Science wakionyesha kwamba kusoma kidogo tu bunilizi za "fasihi ya juu" kunamwongezea mtu uwezo wa kusoma hisia za wengine. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine waliurudia na kundi kubwa zaidi, hawakupata matokeo hayo. Tena utafiti wenyewe wa mwanzo haukuzipa sifa hiyo riwaya pendwa, ambazo ndizo zetu. Mtu anayetazama mpira haombwi cheti cha faida. Unasoma kwa sababu unapenda, na jibu hilo linatosha.

Basi tuyarudie masanduku. Una njia kadhaa, na sitajifanya zote ni sawa. Unaweza kuviacha chini ya kitanda. Watu wengi huishi hivyo, wana kijumba cha siri na hawafi. Ila wewe unaolewa, na siri ndogo ndani ya nyumba ya watu wawili ina tabia ya kukua kuliko kitu chenyewe: baada ya miaka mitano hutakuwa unaficha vitabu, utakuwa unaficha kwamba ulificha. Njia ya pili ni kuligeuza jina kuwa bendera, fulana yenye joka, salamu kwa lugha ya kubuni. Kwa wengine inafaa. Kwa mtu aliyeandika barua yenye aibu kama yako naiona ni kujificha kwa namna nyingine, nyuma ya kelele.

Ningependa ufanye kitu kidogo zaidi. Vitoe vitabu, virudishe kwenye rafu bila tangazo. Halafu, jioni mkiwa na mchumba wako bila haraka, usimweleze juzuu saba. Nakusihi. Kosa letu kubwa ni hilo. Tukipewa sikio moja tunalimwagia nasaba ya wafalme kumi na wawili. Chagua ukurasa mmoja, ule ambao ukiufikia kila mara unapunguza mwendo, umsomee kwa sauti. Kisha mwambie ukweli mmoja: "Ulipocheka siku ile, niliona haya." Acha anyamaze kidogo. Hana haja ya kuzipenda hadithi zako. Mke wangu hajamaliza hata moja ya zangu, na bado ananigusa mguu kwa wakati. Anachohitaji kujua ni kwamba kitu hiki ni chako na kina uzito.

Akicheka tena kwa upendo, cheka naye. Ila akianza kukudhihaki mbele za watu baada ya kumwambia kinakuumiza, akakutaka uvichome, akakupangia cha kusoma, basi suala letu limeacha kuwa la vitabu. Hapo tafuta mshauri wa ndoa mkae naye ana kwa ana kabla ya harusi, wala si baada yake.

Yapo pia mambo ambayo yangenifanya nikutake uonane na mwanasaikolojia wewe mwenyewe. Si idadi ya vitabu. Ni kama unakosa usingizi usiku baada ya usiku na kazi imeanza kuharibika; kama furaha imekauka kila mahali isipokuwa ndani ya kurasa; au kama unapotelewa na saa nyingi kwa siku katika ndoto za mchana, njama ndefu zenye wahusika wako mwenyewe, ukitembea huku na huko chumbani, ukitaka kuacha na usiweze. Hali hiyo ya mwisho mwanasaikolojia Eli Somer aliieleza na kuipa jina mwaka 2002. Haimo kwenye orodha rasmi za maradhi ya akili, lakini walio nayo huteseka kweli, na kuna msaada. Katika barua yako sioni dalili yoyote kati ya hizi. Naona mtu anayefanya kazi, anayependwa, mwenye daftari.

Na kuhusu daftari hilo, samahani, nimejizuia tangu aya ya kwanza. Mto wako unashuka mlimani na kugawanyika mara tatu kabla ya bahari. Mito haifanyi hivyo. Maji hufuata bonde lililo chini zaidi, kwa hiyo vijito huungana kadiri vinavyoshuka. Kugawanyika hutokea zaidi mwishoni kabisa, kwenye delta, ambako ardhi ni tambarare na tope limejaa. Kama matawi yako matatu yanaanza karibu na pwani, umepatia. Kama yanaanza huko juu milimani, ama ufute kwa penseli mawili, ama utafute sababu ndani ya hadithi. Mimi ningetafuta sababu. Nani aliupasua mto ule, na alitaka nini?